UZI MAALUMU: Akwaria ya samaki mchanganyiko kwa maji ya Dodoma (mapambo, samaki wanaopatana, na yanayowaua)

#1 – ZabibuNyeusi

Wakuu, salaam. Maswali ya akwaria yametapakaa kwenye nyuzi nyingi, nimeona tuyaweke pamoja. Wenye nondo shusheni, wenye maswali ulizeni.

La kwanza kabisa kwa aliyeko Dodoma: chagua samaki anayependa maji uliyonayo, usihangaike kuyabadilisha maji ili yamfuate samaki. Maji ya bomba ya mjini kwa sehemu kubwa yanatoka visima virefu vya Mzakwe, bonde la Makutupora. Ni maji ya ardhini, yana madini. Tazama ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika la chai, ndiyo hayo madini. Samaki waliotokea kwenye maji magumu (yenye madini mengi) wanastawi hapa bila shida: gapi, moli, plati, mkia-upanga. Asili ya watatu wa mwisho ni Meksiko na Amerika ya Kati, na gapi anatokea kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Neoni tetra ni mtoto wa mito ya Amazoni, maji laini yenye uchachu kidogo. Ukimtia kwenye maji yetu moja kwa moja anapauka, anakosa raha, na maradhi yanampata kirahisi. Halafu lawama inaangukia chakula.

Vipimo nitakavyotumia ni vya tangi la sentimita 100 kwa 40 kwa 45. Hilo kwa hesabu ni lita 180, ila ukitoa mchanga, mawe na nafasi ya juu unabaki na kama lita 150. Wanaoanza wanakimbilia tangi la lita 20 wakidhani dogo ni rahisi. Ni kinyume. Maji kidogo yanachafuka haraka na joto lake linapanda na kushuka haraka, hivyo kosa dogo linaua siku hiyo hiyo.

Uzito: maji, mchanga, mawe na kioo vinavuka kilo 220. Meza ya TV haibebi. Stendi iwe ya chuma au mbao nene, ipimwe kwa pimamaji, na juu yake utandike tabaka la sponji ngumu ya sentimita 1 kabla ya kuweka tangi. Pasipo sponji, punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua.

#2 – FundiKioo_Dom

Niongezee hapo kwenye kioo. Kwa kimo hicho tumia milimita 8 pande zote, na juu weka mikanda miwili ya kioo kwa urefu, mbele na nyuma, upana sentimita 5. Pasipo mikanda kioo cha mbele kinatuna katikati, silikoni inavutika, miezi michache mbele inaanza kuvuja.

Silikoni iwe ile inayonuka siki wakati inakauka na isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni ina dawa hiyo, na ni sumu kwa samaki. Futa kingo za kioo kwa spiriti, usiziguse tena kwa kidole, ndipo upake. Acha siku 7 ikauke. Kisha jaza maji tangi likiwa nje, liache siku 2 ukikagua kona za chini kwa karatasi kavu ya chooni. Unyevu mdogo jicho halioni, karatasi inaonyesha.

#3 – ZabibuNyeusi

Asante fundi, hapo kwenye ukungu wengi wanapotea.

Tuje kwenye mapambo. Dodoma tumebarikiwa mawe. Granaiti ya vilima vyetu haiyeyushi chochote kwenye maji, na rangi yake ya kijivu chenye waridi inapendeza sana ikilowa. Jiwe usilolijua dondoshea siki. Likitoa vipovu lina chokaa. Kwa gapi na moli chokaa si hatari, itaongeza tu ugumu ambao tayari upo, lakini usilirundike. Jiwe lenye mistari ya kutu au vimetameta vya chuma liache lilipo.

Mawe makubwa yanatangulia kabla ya mchanga. Yaweke juu ya kipande cha sponji au plastiki ngumu kwenye sakafu ya kioo, kisha mwaga mchanga kuyazunguka. Ukiyaweka juu ya mchanga, samaki mchimbaji au mkono wako wakati wa kusafisha utayalegeza, jiwe litaanguka kwenye kioo.

Jiwe kuu lisikae katikati. Liweke kwenye theluthi moja ya urefu, liegemee kidogo, na madogo mawili matatu ya aina ile ile yalifuate kama yamemeguka kutoka kwake. Kuchanganya aina nne za mawe kunafanya tangi lionekane dampo. Mchanga uwe sentimita 3 mbele, ukipanda mpaka 7 nyuma; jicho linadanganyika tangi ni refu kwenda ndani. Wastani wa sentimita 5 kwa tangi hili ni lita 20 za mchanga, kama kilo 30.

Mchanga wa korongo unafaa ila uchekeche kwa chekecheke la unga, uoshe ndoo kwa ndoo, nusu ndoo kila mara, mpaka maji ya juu yatoke meupe. Usitumie sabuni hata tone. Na usichukue mchanga kwenye rundo la ujenzi lililokaa karibu na saruji.

Kioo cha nyuma kipake rangi nyeusi kwa nje au bandika karatasi nyeusi. Nyaya zinapotea, rangi za samaki zinakolea.

#4 – Mama_Gapi

Kwenye magogo naomba niseme kwa msisitizo. Usiokote mti wowote tu porini. MINYAA, ile ya uzio iliyojaa vijiji vyetu vyote, utomvu wake unatumika kuvua samaki kwa sumu. Utupa hali kadhalika. Kijiti kimoja kilichokauka nusu kinamaliza tangi zima. Ukiwa na shaka, acha.

Kinachofaa na kinachopatikana ni mizizi ya mpera uliokufa na kukauka kabisa, ukiukwaruza ndani hakuna ubichi. Menya gamba lote. Chemsha saa moja, mwaga maji, chemsha tena, kisha loweka kwenye pipa wiki 2 au 3 ukibadilisha maji mpaka uzame wenyewe. Maji yakigeuka rangi ya chai isikutishe, ni rangi ya mti, haiui. Utando mweupe kama pamba utakaoota juu yake wiki za mwanzo nao hauna neno, utaisha.

Mimea: kwa maji haya valisineria inakwenda vizuri mno, inafurahia ugumu. Anubiasi na feni ya Java zifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi wa kushonea. Shina lao la mlalo LISIFUKIWE, ukilifukia linaoza na mmea wote unafuata.

#5 – Kijana_wa_Ilazo

Wakuu nauliza, majani ya bwawani kama Hombolo si bure kabisa? Kuna ubaya kuyachukua?

#6 – Mama_Gapi

Mwanangu, ubaya upo. Yanakuja na konokono na mayai yao, na baadhi ya konokono wa mabwawa ndio wanaobeba kichocho. Yanakuja pia na viwavi wa kereng'ende, hao wanakula vifaranga vya gapi mmoja mmoja usiku. Ukilazimika, yaloweke kwenye ndoo yenye jiwe la shabu lililosagwa, vijiko 2 vya chakula kwa lita 4, siku 2. Suuza sana. Halafu yakae wiki 2 kwenye chombo kisicho na samaki ukiyaangalia. Ukinunua mashina matano ya valisineria, miezi michache yatajaza ukuta wa nyuma, na hiyo kazi yote umeikwepa.

#7 – Makulu_Kemia

Sehemu inayoua samaki wengi kuliko zote bado haijaguswa: bakteria wa filta.

Samaki anatoa amonia. Kundi moja la bakteria linaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo ina unafuu mkubwa na unaitoa kwa kubadilisha maji. Makundi haya yanaishi kwenye sponji ya filta na juu ya mchanga, na yanachukua wiki 4 hadi 6 kujijenga. Ukijaza tangi leo na kesho ukaweka samaki 20, wiki ya pili watakuwa wanahema juu ya maji.

Na kwa maji ya hapa hatari ni kubwa zaidi, angalia hesabu. Amonia kwenye maji ina sura mbili, moja ni sumu kali, nyingine ni hafifu. Kadiri pH (kipimo cha uchachu; ikiwa juu, kama kwenye maji yetu, uchachu ni mdogo) inavyopanda, ndivyo sehemu kubwa inavyogeuka ile kali. Kwenye nyuzi 25, pH 7, sehemu kali haifiki hata asilimia 1. Kwenye pH 8.2 ni karibu asilimia 8. Yaani uchafu ule ule, chakula kile kile kilichozidi, sumu yake imezidi takriban mara 15. Ndiyo maana ushauri wa mtu mwenye maji laini usiuchukue mzima mzima.

Namna ya kuandaa bila samaki: washa filta na hita, weka kipande cha dagaa mkavu ndani ya soksi nyepesi, kitundike ndani ya tangi. Kinaoza, kinatoa amonia. Pima kila siku ya tatu kwa vipimo vya matone. Amonia itapanda kisha itashuka, naitraiti itapanda kisha itashuka. Zote mbili zikisoma sifuri na naitreti ikaonekana, badilisha nusu ya maji, weka samaki wa kwanza. Mwenye jirani mwenye tangi la zamani lisilo na ugonjwa aombe akamulie sponji yake chafu kwenye filta mpya. Wiki 4 zinaweza kugeuka 2.

Klorini: maji ya bomba yaache kwenye pipa wazi saa 24 hadi 48 ukiyapulizia hewa. Mwenye haraka atumie thayosalfeti ya sodiamu, gramu 1 kwa lita 100 inatosha kwa klorini ya kawaida ya bomba. Sponji ya filta ioshwe kwa maji yaliyotolewa kwenye tangi. Ukiiweka chini ya bomba, klorini inaua bakteria wote na unarudi siku ya kwanza.

#8 – Kijana_wa_Ilazo

Hapo kwenye mara 15 nimeshtuka. Sasa orodha ya samaki, mkuu Zabibu, kwa hilo tangi la lita 150?

#9 – ZabibuNyeusi

Mpango ninaousimamia ni huu: plati 6, dume 2 na jike 4. Danio wa mistari 8 kwa ajili ya tabaka la juu, wanachangamsha tangi zima. Korido wa shaba 6 kwa sakafu, hao wanavumilia maji yetu kuliko korido wengine. Ansistrasi 1 wa kulamba mwani. Mwenye kutaka gapi aongeze madume matupu 5 au 6. Basi. Joto liwe nyuzi 24 hadi 25, hapo wote wamekutana.

Mambo ya kuangalia. Plati na mkia-upanga ni ndugu wa karibu, wanazaliana wenyewe kwa wenyewe na vizazi vinakuwa chotara wasio na sura ya huyu wala yule, kwa hiyo chagua mmoja. Hawa wa kuzaa hai, jike anazaa karibu kila wiki 4 na anahifadhi mbegu za dume kwa miezi, hata ukimnunua peke yake atazaa. Usipokuwa na pa kupeleka watoto, nunua madume tu. Ukichanganya, jike wawe mara mbili ya dume au zaidi, vinginevyo dume wanamfukuza jike mmoja mpaka afe kwa uchovu.

Korido anachimba kwa sharubu. Mchanga wenye ncha unazikata, zinaoza, anashindwa kula. Chukua mchanga kiasi kiganjani, ufinye na kuusugua. Ukihisi unachoma, usimwekee.

Ansistrasi usimchanganye na yule plekosi wa kawaida anayeuzwa akiwa na sentimita 6. Wakiwa wadogo wanafanana, ila plekosi anafika sentimita 40 na kinyesi chake kinashinda filta yoyote ya nyumbani. Ansistrasi anaishia sentimita 12 hivi; dume akikua anaota vinyama kwenye pua.

Wasiofaa humu: tiga babu (tiger barb) anang'ata mapezi ya gapi. Samaki malaika (angelfish) akikua anameza danio wadogo na vifaranga. Samaki wa dhahabu anataka maji ya baridi zaidi na anachafua mno. Beta dume anamwona gapi mwenye mkia mrefu kama mpinzani. Perege na kambale ni samaki wa bwawa, tusiwajadili.

Usiweke wote siku moja. Danio kwanza, wiki 2, pima. Plati, wiki 2 tena. Korido na ansistrasi mwisho, tangi likiwa limekomaa na mwani umeanza.

#10 – Kigoma_Mawe

Wakuu, mbona mnawasahau samaki wa nyumbani? Ziwa Tanganyika lina pH ya 8.6 hadi 9.2. Kwa maji ya Dodoma hakuna samaki anayefaa kuliko hawa.

#11 – ZabibuNyeusi

Mkuu, kwa maji uko sahihi kabisa, kwa tabia ndipo penye tatizo. Sikilidi (jamii ya kina perege) wengi wa Tanganyika na wale mbuna wa Ziwa Nyasa wanalinda eneo kwa nguvu. Gapi hadumu humo. Wapewe tangi lao.

#12 – Kigoma_Mawe

Sawa, basi niweke mpango wa tangi lao, maana watu hawajui uzuri wa hawa wadogo. Wanaoishi ndani ya magamba ya konokono, *Neolamprologus multifasciatus*, hawazidi sentimita 5. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 linatosha kundi la 6 hadi 8. Mchanga laini wa sentimita 5, na magamba angalau 20, mdomo wa gamba uwe sentimita 2 hadi 3. Ziwani wanatumia magamba ya konokono *Neothauma*. Huku chemsha magamba matupu ya konokono yoyote yenye ukubwa huo. Tandaza magamba chini mdomo ukitazama juu, kisha waache. Watayafukia wenyewe, kila mmoja atachimba mpaka libaki tundu tu, na atamwaga mchanga mdomoni kuweka mpaka na jirani. Mapambo ya tangi hilo wanayapanga wao.

#13 – Kijana_wa_Ilazo

Nimeelewa. Samaki wakitoka Dar kwenye mfuko, nikifika Dodoma nawaingizaje? Nimesoma kwamba nifungue mfuko na kuongeza maji kidogo kidogo kwa saa nzima.

#14 – Mama_Gapi

Ndiyo, iache mifuko ielee juu ya maji dakika 20 joto lilingane, fungua, ongeza kikombe cha maji ya tangi kila dakika 10 kwa dakika 45, kisha wavue kwa wavu. Maji ya mfuko mwaga nje.

#15 – Makulu_Kemia

Dada, kwa duka la hapa hapa mjini utaratibu huo ni sawa. Kwa safari ndefu si sawa. Samaki wakikaa saa nyingi mfukoni wanatoa amonia na kaboni dayoksaidi. Kaboni dayoksaidi inashusha pH, hivyo amonia inabaki kwenye sura hafifu. Ukifungua mfuko gesi inatoka, pH inapanda, na amonia yote iliyorundikana inageuka kali ndani ya dakika chache. Ukiongeza na maji yetu ya pH ya juu ndiyo unaimaliza kazi. Kwa mfuko wa safari: uache uelee ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, fungua, vua kwa wavu mara moja, ingiza.

#16 – Mama_Gapi

Na tofauti ya ugumu wa maji? Samaki aliyetoka maji laini akaingia magumu ghafla anaumia pia.

#17 – Makulu_Kemia

Hoja ya kweli. Dawa yake ni kumwambia muuzaji awakalishe kwenye maji yaliyoongezwa madini siku chache kabla ya kuwasafirisha, na asiwape chakula saa 24 za mwisho ili wasichafue mfuko. Ikishindikana, andaa ndoo ya karantini yenye nusu maji ya mvua na nusu ya tangi, waingize humo moja kwa moja, ndipo uwapandishe taratibu kwa siku 4 au 5. Karantini wanaihitaji hata hivyo, wiki 3. Madoa meupe kama chembe za chumvi yakitokea, pandisha joto polepole mpaka 30, chumvi isiyo na madini joto gramu 1 kwa lita, hewa nyingi, siku 10 au zaidi.

#18 – FundiKioo_Dom

Hewa. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yake yanabeba oksijeni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10 ukilinganisha na Dar kwenye joto lile lile. Oktoba na Novemba maji yakipanda nyuzi 29 au 30 oksijeni inapungua tena. Mdomo wa filta uelekezwe upasue uso wa maji, usizamishwe. Filta iwe ya lita 700 hadi 1,000 kwa saa.

Juni na Julai ni kinyume, usiku unashuka mpaka nyuzi 13, 14. Hita ya wati 150 hadi 200. Izime dakika 15 kabla ya kupunguza maji. Ikiachwa wazi ikiwa inawaka, kioo chake kinapasuka.

Umeme ukikatika: usilishe. Pampu ndogo ya hewa ya betri yenye sponji inatosha kuwavusha. Filta ya mtungi iliyozimika saa nyingi usiiwashe hivi hivi, maji ya ndani yameoza. Fungua, mwaga, suuza kwa maji ya tangi.

#19 – Mama_Gapi

Na dawa ya mbu ya kupulizia! Pampu ya hewa inainyonya chumbani na kuisukuma moja kwa moja kwenye maji, na kwa samaki dawa hizo ni sumu kali kuliko kwa mtoto. Usipulize chumba chenye tangi. Tumia chandarua.

#20 – Kijana_wa_Ilazo

Swali la mwisho wakuu. Kiangazi maji yanapungua haraka kwenye tangi. Nikijazia kila siku, si ndiyo nimeshabadilisha?

#21 – ZabibuNyeusi

Hapana. Kinachopaa ni maji matupu, madini na naitreti vinabaki. Ukijazia kwa maji ya bomba unaongeza madini juu ya madini, baada ya miezi maji ya tangi yanakuwa magumu kupita hata ya bombani na ukoko mweupe unaganda kwenye kioo. Jazia kwa maji ya mvua. Kinga kati ya Desemba na Aprili, acha mvua za kwanza ziioshe paa, na usikinge kwenye bati jipya kabisa kwa sababu zinki yake ni sumu. Hifadhi kwenye pipa la plastiki lenye mfuniko.

Kubadilisha ni jambo lingine: kila wiki toa lita 40 kwa mpira, ukifyonza uchafu juu ya mchanga, rudisha maji ya bomba yaliyokwisha klorini yenye joto linalokaribiana. Ukoko kwenye kioo ufute kwa kitambaa chenye siki wakati kiwango cha maji kikiwa chini, kisha futa kwa maji safi kabla ya kujaza. Weka pia kifuniko cha kioo chenye upenyo wa sentimita 2 nyuma. Kinapunguza upotevu, na danio anaruka.